Herufi ya Olal

Siku Adoch aliposhika nafasi ya kwanza, bibi yake hakupiga kigelegele. Majirani walijaa mlangoni wakicheka, huyu na chai, yule na maandazi, na Aryemo akawatazama kana kwamba wamekuja kuhani msiba.

"Wa kwanza? Adoch huyu wangu? Huyu wa kucheza juu ya malori?"

"Huyo huyo, mama! Mungu mkubwa!"

"Mungu mwacheni. Mungu hakukaa kwenye mtihani."

Aryemo alikuwa mjane wa sajini Olal, na ameishi kambini miaka thelathini na saba katika chumba kimoja na nusu. Yeye alikiita nyumba, na ole wako ukikiita kitu kingine. Sheria ya kambi ni fupi: nyumba ni ya mwenye gwanda. Olal alipokufa, mwanawe akalivaa. Mwanawe naye akafa kwa ajali ya barabarani, gwanda likabaki linaning'inia msumarini, na barua ikaja. Ikifika mwisho wa mwezi wa tatu hakuna mtu wa nyumba ile aliyeandikishwa, watoke, wakapange Kawempe huko maji ya mvua yanakoingia hadi kitandani. Njia ilikuwa moja tu, mtihani wa Kiswahili wa kuingia mafunzoni, waliowekewa watoto wa kambi. Watoto arobaini wangeufanya, na kumi na wawili wangechukuliwa.

Aryemo akamwambia mjukuu wake asome. Alimwambia asubuhi, akamwambia mchana, akamwambia mbele ya wageni ili aone haya. "Ndiyo, dayo," alijibu Adoch, maana ndivyo Waacholi wanavyomwita bibi, kisha akapotea. Ilikuwa miezi ya kampeni. Malori ya wagombea yalikuwa yakipita Bugolobi, yakipita Kasubi, yanapiga muziki mpaka madirisha yanatetemeka, na Adoch alipanda kila lori bila kuuliza chama, mradi lina spika kubwa na fulana za bure. Alikuwa akirudi nyumbani sauti imekauka. Daftari lake la Kiswahili Aryemo alilikuta chini ya sufuria ya maharage, limewekwa pale ili meza isiungue.

Na nyumba ya pili, kwa mzee Taban, binti yake Munirah alikuwa anasoma. Ukuta wa kambi ni mwembamba. Kila alfajiri Aryemo alimsikia: kiti, viti, jiwe, mawe, mpaka yeye mwenyewe akawa anayasema huku anapepeta mchele.

Sasa Adoch ni wa kwanza, na Munirah ameanguka. Hapo ndipo kifua cha Aryemo kilipowaka. Aliwafukuza majirani na maandazi yao, akamwita Munirah, akawakalisha wote wawili kwenye mkeka.

"Semeni. Swali lilikuwa nini?"

"Swali kubwa lilikuwa la kula, dayo," alisema Adoch.

"Kula nini?"

"Si kula, kula! Ile ya kupiga! Watu wanapanga mstari, wanapiga kula. Nikaandika yote niliyoona: marori, mikutano, usiuze kula yako kwa sabuni. Kulasa tatu, sikufuta hata neno."

Munirah alikuwa amevimba macho. "Bibi, mimi niliandika habari ya chakula. Kwamba raia asiyekula hana nguvu ya kulinda nchi. Wameandika kwa wino mwekundu, nje ya mada."

"Hebu hiyo karatasi ya maswali."

Mtu asije akasema Aryemo alikuwa msomi. Herufi alizojua hazikufika kumi, zile za jina lake na za jina la mumewe, ambazo Olal alimfundisha kwa kijiti, hapo hapo nje, ili asiweke dole gumba kama mfungwa. Lakini hizo chache alizijua kama wanawe. R ilikuwa ya Aryemo, fupi, kichwa kimeinama. L ilikuwa ya Olal, mara mbili, imesimama wima kama askari kwenye gwaride. Munirah alimwonyesha neno lenyewe, na Aryemo akaliwekea kidole, akakisogeza polepole.

"Hapa amesimama Olal," akasema. "Hii si kura. Hii ni kula."

Akajifunga kitenge.

"Dayo, unakwenda wapi?" Adoch alikwisha kuelewa. Alimshika mkono. "Dayo, ukifungua mdomo tutatolewa! Nyumba, dayo!"

"Nyumba ya Olal haitakaliwa kwa herufi iliyokosewa. Niache mkono."

Afande Nabangala, mkuu wa mafunzo, alikuwa anakunywa chai ofisini. Alisimama kwa heshima. "Mama! Hongera sana, mjukuu wako ametushangaza."

"Hongera iweke kwanza. Soma hapa, kwa sauti."

"Eleza umuhimu wa ku..." Afande akasita. "Wa kula kwa kila raia." Akaweka kikombe chini. "Ah. Ni karani tu, mama. Ulimi wake hauna r, na mkono wake unafuata ulimi. Tulimaanisha kura. Mwenye akili angeelewa."

"Aliyeelewa ni nani? Nitajie! Kati ya watoto arobaini, aliyeelewa ni huyu wangu asiyejua kutenganisha herufi mbili! Wa Taban kajibu mlichoandika, mkamwangusha. Wangu kajibu kitu ambacho hakipo kwenye karatasi, mkamweka juu. Sasa huo ni mtihani au ni kamari?"

Nje ya dirisha mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Afande alishusha sauti. "Mama, barua ya nyumba yako iko kwenye faili hili hapa. Nikiufuta mtihani, mjukuu wako anaanza upya na wenzake. Nenda nyumbani, mama. Bahati imekuja yenyewe."

"Futa."

"Mama, nakusihi..."

"Nimesema futa! Au nimlete mzee Taban aje na miwani yake, tusome wote watatu?"

Mtihani ukafutwa. Ukawekwa mwingine Jumatatu, siku tano tu mbele. Adoch alilia, akasusa kula, akasusa kusema. Aryemo hakumbembeleza. Alifunga sufuria zake zote kwa shuka, akazipanga karibu na mlango tayari kwa Kawempe, kisha akaweka kiti mlangoni, akakaa, mgongo kwa jua. Hakuna aliyetoka. Ndani, Munirah alikuwa mwalimu.

"Sema: lori limerudi."

"Rori rimeludi."

"Tena!" alifoka Aryemo kutoka kitini. "Huyo Olal unamweka wapi? Munirah, akikuchosha nambie, nina mwiko hapa."

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Munirah alikuwa wa kwanza. Adoch alirudi akitembea pole pole, karatasi mkononi, akasimama mbele ya bibi yake kama mshtakiwa.

"Nimeingia, dayo. Wa kumi na mbili."

"Wa kumi na mbili? Si wanachukua kumi na wawili?"

"Ndiyo."

"Wa mwisho kabisa?"

"Wa mwisho, dayo. Lakini nimejibu yaliyoandikwa."

Aryemo aliinuka, akafungua shuka, akaanza kurudisha sufuria mahali pake, moja moja, kila moja akiibamiza ili isikike mpaka kwa Taban. "Nimefunga vyombo vyangu vyote, nimeungua mgongo siku tano, kwa ajili ya wa kumi na mbili! Olal angekufa mara ya pili." Alipofika kwenye msumari alilishusha lile gwanda, akalikung'uta vumbi kwa nguvu kama anayempiga mtu, akamtupia Adoch. "Kalifue. Na ukapite kwa Munirah, mwambie aje tule."

Adoch alikumbatia gwanda. Alifika mlangoni, akageuka, uso umeanza kufunguka.

"Tule ya herufi gani, dayo? Ya Aryemo au ya Olal?"

"Ya Olal," alisema Aryemo, na bado hakucheka. "Toka hapa."