Juu ya Shingo ya Gitaa

Kwanza ndege walinyamaza. Godefroid Kapya aliwaona juu ya ukuta wa ua wake, midomo ikifunguka na kufungwa, lakini hakuna kilichotoka. Baadaye ikanyamaza birika jikoni. Halafu sauti ya mke wake, kila alipokuwa amempa mgongo.

Alikuwa mpiga nyundo. Tangu ujana alipigilia ribiti za moto, yaani misumari minene ya chuma, kwenye matangi ya mvuke, katika karakana moja hapa Élisabethville, yeye nje ya tangi na mwenzake ndani. Muganga wa dispensaire, yaani zahanati, alimulika masikio yake kwa taa ndogo, akasema hakuna uchafu wa kutoa. Godefroid alishukuru, akavaa kofia, akarudi nyumbani Kamalondo kwa miguu.

Ilikuwa mwaka wa 1953. Mkewe, Nkandu Régine, alikuwa na sauti ambayo kwaya nzima iliiegemea. Tangu walipokuwa vijana huko Baudouinville, kabla reli haijawaleta kusini, yeye aliimba na Godefroid akampigia gitaa. Sasa gitaa ile ya zamani ilikuwa imepasuka kwa mvua iliyovuja darini, na Godefroid alitaka kitu kimoja tu: kutengeneza nyingine kwa mikono yake, ampigie Régine tena yeye mwenyewe angali anasikia.

Alianza na shingo. Alikuwa amehifadhi ubao wa mulombwa, mti mwekundu, ukauke kiangazi kizima juu ya jiko. Aliuchonga kwa shoka dogo, kisha kwa tupa, kisha akaukwangua kwa kigae cha chupa, nyuzi za mbao zikijikunja magotini pake kama nywele za mtoto anayenyolewa. Kila baada ya kukwangua alifumba macho, akaishika shingo kwa mkono wa kushoto, akaupitisha mkono huo kutoka kichwani, penye vigingi vya nyuzi, mpaka mahali sanduku lingeanza. Pale kiganja kilipokwama, alikwangua tena. Aliiacha ndefu kuliko shingo za gitaa nyingine, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinene. Siku zile alikuwa mtu mwenye furaha. Shingo haihitaji masikio.

Ubao wa juu yake, ule ambao vidole hukanyaga, ndio ulioyahitaji. Aliupata mweusi na mgumu, wa mubanga, akaunyoosha hata ukang'aa. Vyuma vya kuutia, vile vyembamba vinavyoukata ubao kwa upana, alivikata kwenye waya za gurudumu la kinga, yaani baiskeli. Lakini kila chuma kina mahali pake, na mahali hapo Godefroid alifundishwa kupatafuta kwa sikio: unafunga uzi mwembamba, unasogeza msumari chini yake, unapiga, unasikiliza, unatia alama.

Vyuma vya karibu na kichwa alivipata mwenyewe. Kuanzia katikati, uzi ukawa kama mtu anayesema nyuma ya ukuta: unajua anasema, hujui anasema nini. Aliinama, akaweka meno kwenye mbao, akapiga. Alisikia mtetemo kwenye taya, basi.

"Mama Wivine," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "kuya uwe sikio yangu."

Régine alikuja na ungo wake wa maharagwe, akaketi mlangoni, akaendelea kuchambua. Godefroid akapiga.

"Juu," alisema Régine kwa sauti kubwa. "Panda juu kidogo."

Godefroid akausogeza msumari, akapiga.

"Bado. Juu tena."

Akausogeza.

"Juu, baba Wivine. Zaidi."

Ilikwenda hivyo mchana kutwa. Régine macho yake yalikuwa kwenye maharagwe, na sauti aliyoisikia haikupanda hata kidogo. Mwisho aliinua uso, akaona jasho likitiririka shingoni mwa mumewe. Akafikiri ni huu uzi wa majaribio ndio mbovu, nyuzi mpya zitasema vizuri.

"Paka pale," alisema, yaani papo hapo tu. "Acha pale."

Godefroid akatia alama, akakata mifereji kwa msumeno mwembamba, akapigilia vyuma, akaubandika ubao kwenye shingo kwa gundi ya mifupa, kisha akaiunga shingo na sanduku na kufunga nyuzi mpya.

Jumapili baada ya misa akaja Donat, mdogo wake Régine, aliyepiga gitaa kwenye baa za mtaa. Aliipokea gitaa kwa mikono miwili, akaisifu shingo, akaanza kupiga. Vidole vyake vilianza karibu na kichwa, vikashuka, na vilipofika katikati akasimama.

"Shemeki," alisema, "hii gitare huku kwa kichwa inasema Kitabwa, luga ya kwetu. Ikifika hapa katikati, inageuka Muzungu mulevi."

Régine alicheka kabla hajajizuia. Godefroid aliona watu wanacheka, naye akacheka.

"Iko muzuri, ee?" aliuliza.

Donat alikanyaga chuma kimoja kimoja, akakunja uso, kisha akamsogelea shemeji yake sikioni. "Nani alikupimia?"

"Dada yako. Yeye njo alikuwa sikio yangu."

Donat akamgeukia dada yake. "Yaya, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia juu."

"Juu ya wapi?"

Régine aliinua mkono wake juu ya kichwa, kama anavyofanya mwalimu wa kwaya anapotaka sauti ipande. Godefroid aliuona mkono ule. Taratibu akainua kidole chake, akagusa kichwa cha gitaa, huko kwenye vigingi, ambako ndiko juu ya shingo. Na kwenye gitaa, kila unapopanda huko, sauti inashuka.

Mikono yote miwili ilikuwa inaonyesha dari.

"Toa ubao," alisema Donat. "Tutatia ingine. Miye nitakusikilizia."

Godefroid alimsoma midomo. Mbao ingepatikana. Lakini mubanga nao unataka kiangazi kizima kukauka, na asubuhi ile kengele ya misa ilikuwa imelia huku yeye akiitazama tu ikiyumba. Alichukua gitaa, akaketi.

"Imba," alimwambia mkewe.

Régine aliimba wimbo wao wa Baudouinville, Godefroid akampigia. Mwanzo ulikwenda sawa, kwa kuwa vyuma vya kichwani vilikuwa vya kweli. Ulipofika mahali pa kupanda, nyuzi zikapotoka, na Régine, ambaye kwaya nzima iliegemea sauti yake, akaipotosha sauti yake izifuate. Kila noti aliikuta pale ilipoangukia, akaishika. Donat aliinamisha kichwa.

Godefroid hakuacha kutazama koo la mkewe. Wimbo ulipokwisha aliuliza, "Tulikutana, sauti na gitare?"

"Tulikutana," alisema Régine, akiitikia sana kwa kichwa ili mumewe aone.

Godefroid akamgeukia Donat, lakini Donat alikuwa anaangalia ukuta. Kisha akaweka gitaa magotini na kuanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, naye Régine akasimama pale akimtazama.