Mashuka Kwenye Beseni

Kila ninapopita sokoni Kamembe penye sabuni za kufulia, hasira inanipanda. Harufu ile ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu Gihundwe mama alipokuwa mgonjwa, hawezi hata kusimama, na mimi ndiye niliyefua mashuka yake mpaka vidole vikachubuka.

Siku moja waliingia akina mama wa kikundi cha maombi, wamevaa vitenge vya sare. Waliruka beseni langu mlangoni, wakazunguka kitanda, wakaomba kwa sauti mpaka mabati yakatetemeka. Halafu kiongozi wao akamwinamia mama.

“Sema umepona, Maman. Ukisema uko mugonjwa, unafungia Mungu mulango.”

Mama akajiinua kwa kiwiko. Sikujua kama bado angeweza.

“Mungu nilimuambia miye mwenyewe: niko mugonjwa. Sasa munataka nimudanganye? Nguvu amenipa leo ni hii niko nabagombeza nayo. Mukimaliza amina, mashuka iko pale kwenye beseni.”

Hakuna aliyekunja hata mkono wa blauzi. Walitoka mmoja mmoja, wakiliruka beseni tena, wakinong'ona kwamba ugonjwa umempanda kichwani.

Mama akatazama juu kwenye mabati, bado anahema kwa hasira.

“Mungu, umeona batu bako?”

Akatega sikio. Nami nikaacha kufua, ili mlio wa maji usifunike jibu.