Tulivyofukia Duara la Kaskazini

Mgodi wetu wa vito ulipoanza kuishiwa, nilipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuwaeleza wanakijiji utakavyofungwa. Wenzangu walishaondoka kutafuta ajira kwingine. Mimi nilikuwa kama mtu aliyeachiwa kuosha masufuria ya harusi ambayo hakula. Kila jioni nilirudi Nakwa, nilikopanga, nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Kwenye mkutano nilisema mashimo ya zamani, yale maduara ya wachimbaji wadogo, yatafukiwa, miti itapandwa, kisima kitachimbwa. Vijana wakauliza, "Na kazi je?" Ndipo akasimama mama mmoja mjane, mkazi wa Bagara, aliyesafiri asubuhi ile kuja kutusikiliza.

"Mume wangu yumo kwenye duara la kaskazini," alisema. "Lilimporomokea kabla kampuni yenu haijaja. Hakutolewa. Mkilifukia, mimi nitamzika lini?"

Duara hilo nilikuwa nimelipita mara nyingi, nikiliona shimo tu.

Jumamosi nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kukuuliza unataka tufanyeje."

Akanisogezea kigoda. "Kumtoa najua haiwezekani tena. Nataka mchungaji. Na udongo wa kwanza tutupe sisi, mimi na wanangu."

Meneja aliniambia jambo hilo halimo kwenye mpango. "Basi tuliingize," nikasema. Naye alikuwa amechoka. Alikubali bila kuinua macho.

Siku ya kufukia, katapila lilizimwa. Mchungaji alisoma, tukaimba. Mama alivua kandambili, akatupa udongo, wanawe wakafuata. Kisha akamgeukia dereva: "Haya baba, endelea." Kifusi kilipoanza kuporomoka alikaa chini akalia kwa sauti, kilio cha msiba wa jana. Wanawake wa kijiji wakamzunguka. Mimi nilibaki nimesimama na kofia yangu ya plastiki, sijui mikono niiweke wapi.

Nilikutana naye baadaye sokoni. "Siku hizi nalala," aliniambia.

Mengine hayakwenda hivyo. Kisima kinatoa maji, lakini miti mingi ililiwa na mbuzi, mingine ikakauka. Baadhi ya vijana wa mkutano ule sasa wanaendesha bodaboda hapa mjini ninapoishi siku hizi. Wakinibeba huniuliza kama kuna mgodi mwingine unafunguliwa. Nawaambia sijasikia.