Jina Kwenye Mulkiya

Gari lenyewe la Kimarekani, milango miwili, rangi ya chungwa, injini ya silinda nane, na umri wake umempita mama yangu. Nililinunua Nizwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akilifunika shuka kama maiti. Alitaja bei, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tukachekana hivyo mpaka akachoka. Mshahara niliouweka tangu nianze kazi ya mapokezi Ras al Jinz, ambako wageni huja kutazama kasa wakitaga, uliishia pale. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Noti nilizihesabu mara mbili mbele yake, akaudhika.

Kununua kulikuwa rahisi. Lakini gari haligusi barabara bila mulkiya, ile kadi ya usajili, na mulkiya haitoki bila bima. Hapo ndipo kila mtu alipoanza kunionea huruma.

"Andika jina la baba," karani wa bima pale Ibra aliniambia, kwa upole wa mtu anayempa mtoto dawa. "Wewe mdogo, gari ina nguvu, tena kuukuu. Kwa jina lako nakupa bima ndogo tu, ya kumlipa utakayemgonga. Ikiungua, ikiibiwa, shauri yako. Gari hii haina bei ya soko."

"Na kwa jina la baba inayo?"

"Kwa jina la baba tutazungumza."

Nikamuuliza kama baba akikaa juu ya boneti injini itapungua nguvu. Hakucheka.

Nyumbani wimbo ulikuwa huohuo. "Weka jina la baba, maneno ya nini?" alisema kaka yangu, aliyenizidi mwaka mmoja. "Si letu sote?" Hilo "letu" nalijua. Kwetu kila gari limeandikwa baba, na kila ufunguo unalala mfukoni mwa kaka. Dada yangu alinunua gari dogo jeupe kwa pesa yake. Mpaka leo anaomba lifti ndani ya gari lake mwenyewe. Baba aliendelea kunywa kahawa yake. Alikuwa akiningoja nichoke.

Sikuchoka. Nilikwenda kwa bibi.

Bibi alizaliwa Unguja, na kila Jumatano anauza ubani na kanga katika soko la wanawake la Ibra, ambamo mwanamume haingii. Nimekulia chini ya meza yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Uso huo, nani kakuibia?"

Nikamweleza. Akaendelea kukunja kanga. "Ati haina bei ya soko. Kauliza soko gani huyo?"

Basi nikampigia karani simu: kabla ya kulikana gari, aje alikague. Jumatano asubuhi, nje ya soko la wanawake, nami gari nikalifikisha pale juu ya lori. Akaja na kamera yake, akasimama mbali na geti kama mtu anayeogopa kumwagiwa maji. Bibi akatoka, na wenzake nyuma yake.

"Lizungushe!" akaamuru.

Katika soko la mbuzi la Nizwa, siku ya Ijumaa, mnyama huzungushwa mbele ya wanunuzi na bei hupanda kwa kila mzunguko. Nami nikalizungusha gari polepole pale uwanjani, likinguruma mpaka njiwa wakahama.

"Simamisha! Mfungue mdomo tumwone meno!" Nikafungua boneti. Mmoja akalibinya tairi kama paja la mbuzi. "Huyu kashiba!" Bei zikaanza kutupwa, kila moja na kicheko chake, mpaka mjane mmoja muuza dhahabu akataja yake. Hakucheka. Ilikuwa mara mbili ya niliyolipa.

Desturi ni kwamba ukizungusha, umeleta kuuza. Nikaihesabu ile bei kichwani, kisha nikaihesabu tena. Wallahi, nilianza kulegea.

"Uza, binti," karani akasema. "Tupumzike sote."

Neno hilo likanikaza. "Siuzi, mama. Niwie radhi," nikamwambia mjane.

"Sasa umetuzungushia nini?"

"Nilitaka huyu bwana asikie bei ya soko."

Mjane akamgeukia. "Umesikia, au nirudie? Andika."

Akaandika. Moto na wizi nikapata, kwa bei ya mjane, kwa jina langu. Ajali ya kujigongea mwenyewe alikataa katakata, akaongeza ada ya ujana, nikaikata kidogo. Mwisho, kwa hasira, akatia sharti: isipokuwa mwenye jina, hakuna dereva aliye chini ya miaka ishirini na tano.

"Hilo liandike kwa herufi kubwa," nikamwambia.

Siku mulkiya ilipotoka, kaka alininyooshea mkono uani. "Lete ufunguo, nikalijaribu mpaka Sur."

Nikampa karatasi ya bima. Akaisoma, akairudia. "Hii haki?"

"Muulize karani."

Baba akaweka chini kikombe cha kahawa, akaiomba kadi. Akalisoma jina langu taratibu mpaka mwisho, pale linapoingia lake.

"Na mimi nimo," akasema.

"Umo, baba. Baada yangu."

Nilipotoka nje, dada alikuwa keshakaa kiti cha mbele.