Win Stathers, Mpiga Kura wa Mwisho

Win Stathers hakuwa mtu wa kukaa kitako. Kwa miaka kumi na minane alikuwa diwani wa kata ya Stonebeck, na kabla ya hapo alikuwa mvusha watoto barabarani mbele ya shule, koti la njano mvua na jua. Mpaka leo akikuta gari limeegeshwa pasipotakiwa, humkazia dereva macho hadi dereva mwenyewe aombe radhi. Lakini Ijumaa ile mchana, katika ukumbi wa michezo ambamo kura za mji mzima zilihesabiwa, Win aliketi. Chai ilimpolea mkononi na hakujua kama ameinywa au la.

Mbele yake, kwenye meza ndefu, karatasi za Stonebeck zilikuwa zikihesabiwa kwa mara ya tatu. Kata nyingine zote zilikuwa zimeshatangazwa. Vyama viwili vikubwa vilikuwa sawasawa, kiti kwa kiti, na kilichobaki ni hiki kimoja tu. Atakayekipata ndiye atakayeamua habari ya bwawa la kuogelea la Cradle Lane. Wapinzani wa Win walikuwa wameshasema bila kumung'unya maneno: bwawa ni mzigo, paa linavuja, lifungwe.

Kwa Win lile halikuwa paa linalovuja. Marehemu mumewe, Horace, alipopooza upande mmoja, ndani ya maji yale ndimo alimojifunza kutembea upya, Win akimshika kiuno na kumtukana kwa mapenzi. Na kila Jumatano asubuhi wanawake wenye magoti mabovu huteremka mle wakicheka kama wasichana wa shule. Win aliwaambia uso kwa uso, tena kwa kujigamba: mimi nikiwapo, halifungwi.

Wakala wake, Clive Blenkin, alirudi kutoka mezani akihema. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kifuani ua la utepe la rangi ya chama, lililotosha kufunika sahani. Wakala haruhusiwi kugusa karatasi hata kwa kidole, kwa hiyo siku nzima Clive alikuwa ameinama juu ya meza zile, mikono nyuma, kama kuku anayechungulia mtama wa jirani.

"Hawaachani, Win. Huku moja, kule moja. Moyo wangu hautafika jioni."

"Keti basi."

"Siketi! Unajua kinachoniua? Kuna mtu wetu mmoja hakwenda kupiga kura. Mmoja tu! Kajilaza kwenye kochi, miguu juu, anatazama mpira. Nikimjua, haki ya Mungu, nitasimama mlangoni kwake nimtie aibu mtaa mzima usikie."

Win alikitazama kikombe chake. Maneno yale yalimchoma, kwa sababu mtu huyo alikuwa anamjua.

Msimamizi wa uchaguzi, Bi. Oxtoby, aliwaita wagombea na mawakala pembeni. Upande wa pili alikuja Dean Suddaby, kijana wa suti mpya, ambaye Win alimvusha barabara ile tangu akiwa hana meno ya mbele. Bi. Oxtoby alikuwa na sauti ya mtu anayesoma tangazo la treni.

"Mmelingana. Tumehesabu mara tatu na hakuna kilichobadilika. Sheria inataka majina yenu yaingie kwenye bakuli, nami niokote moja. Nitakayemwokota anaongezewa kura moja, na kiti ni chake. Nipeni dakika chache tuandae."

"Kama bahati nasibu ya kanisani," alisema Dean akijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

Win alimshika Clive mkono akamvuta nyuma ya rundo la mikeka ya mazoezi. Akili ilimwambia anyamaze. Kifua kilikataa.

"Clive, yule mtu wa kochi ni mimi."

"Nani?"

"Mimi. Sikupiga kura jana."

Clive alimtazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. "Sema unanitania."

Hakuwa anamtania. Clive mwenyewe alijua desturi ya Win: kila uchaguzi hupiga kura mwisho kabisa, kituo kikikaribia kufungwa saa nne usiku. Mara ya kwanza alichelewa tu, akashinda. Mara ya pili alifanya makusudi, akashinda tena. Baada ya hapo ikawa mwiko, na huwezi kumshauri mtu avunje mwiko uliomlisha ushindi.

"Nilikuwa natoka nyumbani niende," Win alisema. "Simu ikalia. Mzee Cyril Wardill, wa kule ng'ambo ya reli. 'Win, mwanangu, mguu umenivimba, na ulisema nikiita utakuja.' Nilikwenda. Nikamfikisha kituoni kwake, nikamshika mkono hadi ndani, nikamsubiri. Unamjua Cyril, anasoma karatasi ya kura kama anasoma wasia. Nilipofika kituoni kwangu, mlinzi alikuwa anazungusha ufunguo."

"Angalau Cyril katupa kura yake."

Win aligeuzia macho kwenye mikeka.

"Win. Cyril katupa kura?"

"Kampa Dean. Aliniambia kabla hata hajafunga mkanda. 'Nisikudanganye, binti, nimechoshwa na mapipa ya taka yasiyozolewa.'"

Kila mtu katika mji ule anajua kwamba wapo wapandao gari la chama hiki wakakipigie kura chama kile. Clive alikuwa akiusimulia mzaha huo kila mwaka akicheka mpaka akakohoa. Leo hakucheka.

"Na ukampeleka hivyo hivyo?"

"Nilikuwa nimemwahidi."

"Na ukamrudisha nyumbani pia?"

"Ningemwacha wapi, Clive? Mguu umevimba!"

Clive alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, alikuwa amezeeka. "Sikiliza. Hili tunalizika hapa hapa. Hulijui, silijui. Bado tuna bakuli."

Bakuli lenyewe lilikuwa la kioo, limeazimwa jikoni. Ukumbi mzima ulisogea. Bi. Oxtoby aliwaonyesha bahasha mbili zilizofanana, akazitumbukiza, akamwita mfanyakazi mmoja azikoroge, kisha akageuza uso pembeni na kuingiza mkono. Win alishindwa kuomba. Alichoweza ni kufikiri juu ya kiuno cha Horace ndani ya maji, kilivyokuwa chepesi. Bahasha ikachanwa.

"Dean Suddaby."

Upande mmoja wa ukumbi ulilipuka kwa kelele. Upande wa Win uliguna mara moja tu.

Desturi inamtaka aliyeshindwa naye aseme neno. Win alipanda jukwaani akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Aliwashukuru wahesabuji, akampongeza Dean, na Clive pale chini akaanza kupumua.

"La mwisho," Win alisema. "Mtasikia watu wangu wakimtafuta aliyekaa nyumbani. Wasimtafute. Ni mimi. Nilifika kituoni mlango umeshafungwa."

Watu walicheka, wakidhani ni utani. Wakamtazama usoni, na kicheko kikafa kidogo kidogo. Win akashuka, mashavu yanamwaka kwa aibu.

Dean alimfuata chini ya ngazi. "Ni kweli, mama?"

"Kweli tupu. Nilikuwa nampeleka mtu akupigie kura wewe."

Win akamsogelea, akisahau kama wanatazamwa.

"Siombi kiti, Dean. Kiti umekipata kihalali. Naomba bwawa. Kabla hujanyoosha mkono kwenye baraza la madiwani, nenda Jumatano moja ukawaone wale wanawake. Moja tu."

Dean alitazama nyuma, wakubwa wake walikokuwa wakimpungia aje kupigwa picha. Alishusha sauti kama zamani, Win alipokuwa akimkamata ukosi asikimbilie magari.

"Chama kimeshaamua, mama. Nisamehe."

Akaenda. Machozi yalimtoka Win mbele ya watu na hakuyafuta. Clive alikuja na koti lake, akamwekea mabegani, akamfunga vifungo mwenyewe. Hakuwa na lawama iliyobaki.

"Twende nikupeleke nyumbani, dada."

"Si nyumbani. Nipeleke Cradle Lane," Win alisema. "Leo bado liko wazi."