Fundi Viatu na Saida ya Matufaha

Kila Jumamosi mchana fundi viatu huingia baa mikono ikinuka gundi, akavuta kiti cha dirishani na kuagiza saida, ile pombe ya matufaha, aina tatu kwa mpigo: isiyo na sukari, tamu, na iliyochanganywa na mapeasi. Mhudumu ameshamzoea. Fundi hakimbilii kunywa; huinusa, huiinua kwenye mwanga, kisha huonja kidogo kidogo, akisukutua kwa maji kila anapobadilisha glasi. "Hii sukari tupu, mwanangu. Na hii haina makali hata chembe." Hutikisa kichwa kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

Jumamosi moja mhudumu alimletea chupa isiyo na lebo, saida aliyoitengeneza shangazi yake. Fundi akaonja, uso ukamkunjamana kwa uchachu, akaishika glasi kwa mikono miwili. "Marehemu mke wangu alikuwa akiitengeneza hivi hivi," alisema. "Na mimi kila mwaka nilimwambia imechacha, hainyweki." Fundi akazisogeza kando zile glasi nyingine, na maji pia, akanywa polepole mpaka kwenye mashapo.