Rangi ya Ukuta wa Nyuma

Dalali alikuja Jumanne, akaizunguka nyumba ya mama mara moja bila kuingia ndani, akasema migomba ya nyuma iondoke.

"Mnunuzi wa siku hizi anauliza gari litakaa wapi," alisema. "Hapa anaona shamba. Hajaja kununua shamba."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. "Na gari analo?"

"Atakuwa nalo, waitu," alijibu, kwa neno letu la heshima.

"Basi akanunue gari kwanza, ndipo aje."

Dalali alicheka, lakini hakubadili neno lake. Sikuona ubaya wake. Hiyo ndiyo kazi yake, na nyumba yenyewe sisi ndio tuliotaka kuiuza.

Tangu baba azikwe kwenye kibanja chetu cha migomba huko Muleba, mama amekuwa akisema jambo moja tu, kwamba anataka kuishi karibu naye. Nyumba ya kule choo chake kiko nje, mteremkoni, na magoti ya mama hayawezi. Hii ya Rwamishenye, hapa mjini, ikiuzwa, kaka yangu anayeishi kule atamwongezea chumba chenye choo ndani. Njia nyingine hatukuiona. Mimi ninakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Ninashona nguo, na kila asubuhi kabla sijafungua cherehani nampelekea uji. Mama na kaka waliponiuliza kuhusu kuuza, nilikubali. Nilikubali kwa mdomo, na kazi niliifanya kwa mikono yangu, hilo naweza kulisema. La moyoni nitalisema mbele.

Tulikata migomba minne. Ninaandika "tulikata", ingawa mama hakushika panga. Mgomba mmoja ulikuwa na mkungu ambao haujakomaa. Mama aliuinulia mikono, akausindikiza hadi chini usije ukapondeka.

Migomba ilipoondoka, ufa ukaonekana. Unaanzia kona ya dirisha la chumba cha mama, unashuka hadi karibu na msingi. Ni wa lile tetemeko lililopasua nyumba nyingi hapa Bukoba. Wakati ule baba alichora mstari kwa penseli pale ufa ulipoishia, akasema ukivuka hapo, wote tunahama. Haukuvuka. Tangu macho ya mama yafifie, kila mwisho wa mwezi mimi ndiye niliyejipenyeza nyuma ya migomba, nikainama, nikarudi kumwambia, "Uko palepale." Naye husema, "Baba yako anauangalia."

Fundi alikwangua, akajaza saruji, akapaka rangi. Mstari wa baba ukafunikwa, na hakuna kati yetu aliyefikiri kumwambia auache. Fundi asilaumiwe, aliambiwa afunike, akafunika. Ila ukuta ule ukawa mweupe kuliko zote.

"Ukikauka utafanana na wenzake," dalali alisema. Ulikauka, haukufanana.

Nilishona mapazia mapya. Nilisugua vioo kwa magazeti. Dalali alituomba siku ya wageni tusipike dagaa, na mama akamuuliza kama anataka kuwauzia nyumba ambamo hakuna mtu aliyewahi kula.

Wakaja Jumamosi, mume na mke. Mume namfahamu kwa sura, ana duka la vitambaa sokoni, huwa nanunua zipu kwake. Mke ni wa huku huku kwetu. Dalali alitaka waone vyumba haraka kabla mwanga wa asubuhi haujapotea, lakini mama alikuwa ameshawatolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyomtolea mgeni yeyote. Wakaketi. Wakatafuna. Dalali alisimama mlangoni anakohoa.

Mke alipoinuka hakwenda vyumbani. Alipitia jikoni moja kwa moja hadi nyuma.

"Migomba iko wapi?" aliuliza.

"Tumeacha nafasi ya gari," dalali akasema.

"Gari letu ni baiskeli," mume akasema. "Unaweza kuiegemeza hata kwenye mgomba."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha mke akautazama ule ukuta. "Huu mbona umetakata peke yake? Tetemeko?"

Dalali alifungua mdomo, nikamtangulia. "Una ufa, kutoka dirishani mpaka chini. Tumeufunika juzi."

Mke alikuwa amegusa rangi. Akaurudisha mkono wake. Walitushukuru kwa kusema kweli, wakasema watafikiri, wakaondoka.

"Dada, wewe unauza au unafukuza?" dalali aliniuliza.

"Nimesema kweli."

"Kweli nayo ina namna yake ya kusemwa." Akawasha pikipiki yake akaenda. Nilimkasirikia siku nzima. Alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe.

Mchana mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, mimi nimekaa mkekani karibu naye. Akasema bila kuniangalia, "Habari ya ufa umewaambia. Ya mstari wa baba yako hukuwaambia."

Nikasema nilisahau. Nikatoka, nikayaandika hayohayo kwenye daftari langu hili, nilisahau, kisha nikaichana karatasi. Sikusahau. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Nilimwona yule mke anarudisha mkono, nikajua wataondoka, nikalimeza. Watu wangeniita mkweli, na mimi nilikuwa nimeutumia ukweli kama fimbo ya kufukuzia kuku. Labda najihukumu kupita kiasi. Sidhani.

Nikarudi jikoni nikamwambia mama hivyo.

Aliendelea kumenya. "Unaona kama nakukimbia?"

"Ndiyo."

"Kwa magoti haya?"

Nilicheka huku machozi yananitoka, akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Mwanangu, Muleba nitakwenda tu. Nikingoja sana utanipeleka nimelala kwenye sanduku, na safari nzima hutapata wa kuongea naye. Nipeleke nikiwa nakaa dirishani."

Jumatatu nilikwenda sokoni, dukani kwa yule bwana. Alikuwa anapimia mtu kitenge, nikangoja. Nikamweleza habari ya mstari wa penseli, tangu tetemeko hadi mwezi uliopita, na kwamba nilijua siku ile nikanyamaza.

Alikunja kitenge polepole. "Jumamosi ulinipa nusu, leo unanipa nusu. Nitajuaje hakuna nusu nyingine?"

"Huwezi kujua," nilimwambia. "Njoo na fundi wako, usije na wetu. Abandue anapotaka."

Walikuja Jumatano. Fundi wao alibandua plasta yote niliyoilipia, akagonga, akachokoa, akalala kifudifudi kutazama msingi. Mstari hakuuona, ulikuwa umetoka pamoja na saruji. Alisema msingi ni mzima, ukuta ufungwe nondo pale dirishani, basi. Waliomba bei ishuke kidogo kwa ajili ya nondo, na ilikuwa haki. Mama akasema sawa kabla sijamtafsiria uso wa dalali. Mke akaomba machipukizi ya migomba yasikatwe.

Nimeandika kwamba nyumba ilipouzwa nilifurahi. Nimerudi kulisoma neno hilo mara kadhaa, na nimeliacha, maana kweli nilifurahi mama alipokuwa ananiuliza kila saa kama chumba cha Muleba kimefika kwenye lenta. Asubuhi na uji wake ni jambo lingine, nalo sijalipatia neno.

Jana alisema hawezi kuingia Muleba na gauni la zamani, watadhani mjini alikuwa na njaa. Nikachukua futi yangu nikampima akiwa amesimama, ameshika bega langu. Amepungua sana kiunoni. Nilimpima tena kuanzia mwanzo, si kwa sababu nilikuwa nimekosea.